Ngoma Iliyovunja Kwaresma

Mume wangu Kasian hajui neno hapana. Sisemi hivi kwa kumsifu. Kuna wanaume wanaosifiwa upole mpaka makaburini, na wake zao wamenuna pembeni kwa sababu wanajua upole ule ulikuwa unalipiwa na nani. Baiskeli yetu ya kwanza alimwazima mtu mwaka ambao binti yetu Kalista alianza kutembea. Kalista sasa ana watoto wawili na baiskeli bado iko njiani inarudi. Ameombwa kuwa baba wa ubatizo wa watoto kumi na mmoja, amekubali wote, na watano kati yao hata majina hayakumbuki. Kila msimu madalali wa vitunguu wakija na magunia yao na kumwambia ajaze lumbesa, lile gunia lenye kilemba juu, anajaza, kisha anawasaidia kushona mdomo.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, Mama Kalista," huniambia.

Mimi shari kamili naiona kila siku. Hiyo nusu yake sijawahi kukutana nayo.

Mahali pamoja tu ndipo Kasian huwa mtu mwingine, na ni nyuma ya ngoma. Tunakaa kijiji kilicho juu kidogo ya Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, ambako vitunguu na nyanya ndivyo vinavyolipa shule na hospitali. Kigango chetu ni kidogo. Padre huja mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine tunasali na katekista Joachim. Lakini ngoma tunayo, ngoma kubwa ya kumfika mtu kiunoni, na aliyeiwamba ni Mzee Yakobo, baba yake Kasian. Siku kanisa lilipoezekwa bati, mzee alichinja maksai wake mwekundu, yule aliyekuwa amesomba mawe ya msingi wote. Kijiji kizima kilikula nyama. Ngozi ikawambwa kwenye gogo la mninga, na Kasian, aliyekuwa amejifunzia kwenye debe la mafuta, akapewa magongo. Tangu hapo akiishika ile ngoma hangoji mtu. Kwaya ikichelewa, anaiacha nyuma mpaka imfikie. Nilimpenda kwa sababu hiyo na ningependa ijulikane, maana mengi nitakayosema hapa si ya mapenzi.

Mimi ni Mbena, nilizaliwa Mlutheri. Kwetu ilikuwa tarumbeta, na tarumbeta hailali. Nilipoolewa huku nikaambiwa kwamba wakati wa Kwaresma ngoma inafunga, nilicheka mpaka mama mkwe akanikata jicho. Kwenye parokia nyingine ngoma huwekwa tu pembeni mpaka Pasaka. Kwetu sisi, jioni ya kuamkia Jumatano ya Majivu, Kasian huileta nyumbani, tunaivika blanketi, na tunaipandisha kwenye dari ya fito juu ya mafiga ili moshi uizuie isiliwe na wadudu. Siku arobaini haiguswi. Hata mtoto akiigonga kwa bahati mbaya anasali Salamu Maria papo hapo. Jumamosi Kuu mchana mimi ndiye ninayeishusha na kuipaka mafuta ya nyonyo kwa viganja, taratibu, mpaka ngozi inywe. Mama mkwe, Bibi Catherine, alinifundisha hivi: "Ngozi ikikataa mafuta, imekufa." Miaka ishirini na minne haijawahi kukataa.

Mwaka huu zamu ya Misa ya asubuhi ya Pasaka iliangukia kigango chetu, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Padre mwenyewe, Misa kamili, na kwenye wimbo wa Utukufu ngoma ivunje ukimya. Kijiji kilizungumza jambo hilo tangu Januari. Mtu wa kulitimiza alikuwa Kasian, na ngoma ilikuwa jikoni kwangu. Basi.

Wiki ya pili ya Kwaresma akaja Didas.

Didas ni kijana wa Iringa mjini, amevuka thelathini, anavaa kofia ya sufi hata kwenye joto letu linalopasua midomo. Alikuwa amemsikia Kasian akipiga kwenye harusi moja Ilula. Ana kundi la watu saba, wanaliita Mdundo wa Mabara, na kazi yao ni kuchanganya ngoma za dunia nzima katika chungu kimoja: djembe za Afrika Magharibi, tabla za Kihindi, matoazi ya shaba ya Indonesia, na kasha la mbao ambalo mpigaji wake analikalia na kulipiga katikati ya miguu kama mtu anayetafuta panya. Alituonyesha yote kwenye simu. Walichokosa, alisema, ni sauti ya chini.

"Mzee ana mkono, mama," aliniambia. "Mkono kama huu kuuacha kwenye vitunguu ni dhambi."

"Dhambi tunajua zinakokaa," nilimjibu. "Na ngoma?"

"Tungekuja nayo ileile. Hii yenye moshi wake. Watu wanataka kitu halisi."

"Ngoma inafunga."

Alicheka, akadhani namtania. Alipoona sicheki, akatoa simu na kuiandika ile sentensi. Ilinikera kuona maneno ya mama mkwe yanaingia kwenye simu ya mtu mwenye kofia ya sufi, ila sikujua bado yataenda kufanya nini humo.

Kuhusu yeye mwenyewe Kasian alijibu ndiyo kabla hajaulizwa vizuri. Kuhusu ngoma alinyamaza. Ningepaswa kujua. Kasian akinyamaza ujue keshakubali.

Akaanza safari za Iringa "kuangalia bei ya mbegu". Nilimwacha. Nilipiga jicho darini kila asubuhi, blanketi lilikuwepo, nene na duara kama siku zote. Ijumaa ya wiki ya nne nilibandika maharage. Ni Ijumaa, hatuli nyama. Yakachemka, nikayaunga, nikaonja, nikayatema. Nikadhani ni mafuta yameoza. Nikainama kuchungulia chungu, na tone moja likanidondokea kwenye shingo, la uvuguvugu, zito, likateremka mgongoni.

Niliinua macho. Blanketi lilikuwa limelowa upande wa chini, na katikati ya nyuzi zake vilikuwa vimechomoza vijani vya kitunguu, vitatu, vya kijani safi, vimepinda kutafuta mwanga. Nililivuta. Badala ya ngoma likashuka gunia la vitunguu vile vilivyonyeshewa, vya kutupa, vyote vimeoza vikawa uji wa kahawia, na harufu ikanipiga usoni nikashika ukuta. Familia yangu ilikuwa imekula mboga za chungu hicho kwa siku sijui ngapi tukisema labda ni maji ya mto. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wahenga hawakusema kwamba atawapakulia kwenye sahani.

Nilitapika nje, nikaoga mara mbili, nikatupa chungu. Jumamosi nikapanda basi la Iringa kumfuata Kasian na mbegu zake.

Kwa kuulizia Mdundo wa Mabara nilimkuta kwenye ukumbi mmoja pembeni mwa mji, bustani yenye taa za rangi. Onyesho lilikuwa la saa kumi. Ngoma ya Mzee Yakobo ilikuwa nyuma ya jukwaa. Juu ya ngozi palikuwa na sahani ya chipsi na kuku, chupa tatu za bia, na chumvi iliyomwagika. Duara la mafuta ya kuku lilikuwa limeingia ngozini pale pale ambapo viganja vyangu hupita. Kando ya gogo mtu alikuwa amechora mistari ya rangi nyekundu na njano, na mwingine alikuwa amebandika bazoka iliyotafunwa kwenye kamba. Niliibandua kwa kucha. Ilikuwa bado laini.

Kasian akatoka chumba cha kubadilishia nguo. Mume wangu, mtu wa miaka hamsini na miwili, baba wa ubatizo wa watu kumi na mmoja. Kifua wazi, kiunoni kitambaa cha kuiga ngozi ya chui, uso umepakwa chokaa madoadoa. Aliponiona alifunika kitovu.

"Mama Kalista," alisema. "Nilitaka kukwambia."

"Kwa njia ya vitunguu?"

Didas alifika, "Shikamoo mama," akanitafutia kiti cha mbele. Nilikaa, ile bazoka bado imenasa kwenye kucha.

Mshereheshaji alipanda jukwaani na kusema kwa kipaza sauti: "Hii ni ngoma inayofunga siku arobaini. Haijaguswa. Leo, mbele yenu, inafunguliwa." Watu wakapiga makofi. Nikajua yale maneno kwenye simu yalikwenda wapi. Nimewahi kuona mtu akiiba kuku, nimewahi kuona mtu akiiba mpaka wa shamba, lakini mtu kuiba mfungo na kuutangaza mlangoni sikuwa nimeona.

Sasa niseme kitu ambacho sipendi kukisema. Walipoanza, kelele tu: matoazi, kasha, djembe, kila mmoja anasukumana na mwenzake kama watu kwenye bomba la maji. Halafu wote wakanyamaza, wakabaki wawili, yule wa tabla na Kasian. Tabla ikauliza kitu kidogo cha haraka. Kasian akajibu mara moja, chini kabisa, na akasubiri. Sijawahi kumwona akisubiri mtu kwenye ngoma. Ikauliza tena, akajibu, na kile kitu kikawa kizuri, kizuri kweli, na mguu wangu wa kulia ukaanza kupiga chini bila ruhusa yangu. Niliukanyaga na wa kushoto. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia Didas.

Baadaye nilisema neno moja: ngoma irudi nyumbani leo. Didas alikuwa mpole. Wamekwishatangaza Mbeya, alisema, Jumatano ya Wiki Kuu, ni onyesho moja tu, na Jumamosi Kuu asubuhi ngoma itakuwa jikoni kwangu.

"Baba Kalista," nilimwambia mume wangu, "sema kitu."

"Ndiyo," alisema Kasian, akiniangalia mimi. Kisha akamgeukia Didas. "Ndiyo."

Nilirudi peke yangu, Kasian akabaki na kundi. Kijijini nilidanganya. Joachim alipouliza ngoma inaendeleaje nilisema inafunga vizuri, na nilipolisema hilo mdomoni mwangu mlirudi ile ladha ya maharage. Jumapili ya Matawi niliimba nikiangalia sakafu. Alhamisi Kuu nilioshwa mguu, maana nilikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, nikajiona mchafu mpaka kwenye goti. Kasian alinipigia simu mara moja kutoka Mbeya. Huko mvua haikatiki, alisema, baridi inaingia kwenye mifupa. Nilikata.

Jumamosi Kuu ilipita asubuhi, ikapita adhuhuri. Nilikuwa nimeshapasha mafuta ya nyonyo na kuyaacha yapoe kwenye bakuli. Saa tisa lori la mchele kutoka Ubaruku lilisimama barabarani, na juu ya magunia alikuwa amekaa Kasian, ameikumbatia ngoma ndani ya turubai. Watu wawili walimsaidia kuiteremsha. Nilijipaka mafuta viganja vyote kabla hajafika mlangoni, kwa haraka, nikiwa bado na hasira lakini nimeshukuru. Ilikuwa imerudi. Hilo tu nilikuwa nimeliomba kwa siku zote zile.

Nikafunua turubai, nikaweka mikono.

Ilikuwa baridi. Ilikuwa nyororo na nyeupe, imekazwa kwa pete ya chuma na skrubu nane kuzunguka mdomo, na pembeni palikuwa na chapa ya Mdundo wa Mabara. Plastiki. Ngoma ikivuma sana hupasuka, wanasema, lakini ya kwetu haikupewa hata nafasi ya kupasuka. Ilichunwa.

"Mbeya kulikuwa na mvua," Kasian alisema akiwa amesimama mlangoni. "Ngozi ililegea ikawa inalia kama gunia. Kuikausha motoni wenye ukumbi walikataza. Didas akasema aibadilishe, anatupatia kama zawadi, hii hailegei wala hailiwi na wadudu. Nikasema sawa."

"Ngozi iko wapi?"

Alianza kukunja turubai.

"Baba Kalista. Ngozi ya maksai wa baba yako iko wapi?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za nyumba. Zilikuwa zimening'inia kwenye kipande cha ngozi cha mviringo, kidogo kuliko kifuniko cha birika la chai, kimetobolewa na kutiwa mnyororo, na juu yake kwa wino mweusi imeandikwa Mdundo. Waliikata yote kwa mkasi, alisema, viduara vya kushikia funguo, wakaviuza mlangoni. Wageni walivipenda kwa sababu vilinuka moshi. Viliisha vyote. Hiki Didas alimbakizia yeye.

Mafuta yalikuwa yanadondoka kutoka vidoleni mwangu. Nilikuwa nawaza funguo za magari ya watu nisiowajua zikigongana na kitu ambacho mama mkwe alinifundisha kukishika kama mgongo wa mtoto. Nilitema mate palepale kwenye sakafu ya jikoni, jambo ambalo nimewachapia watoto wangu.

Sikumpigia kelele. Niliikalisha ngoma kwenye kigoda, nikaanza kupaka mafuta juu ya plastiki. Bakuli zima. Sitasema uongo: mkono mmoja ulipaka kwa mazoea na mwingine kwa hasira. Hayakuingia. Yalikaa juu, yakikusanyika katikati kama mate. Kasian alitazama mpaka nikamaliza, na hakuniambia niache. Niliifunga kwa kanga na kuiambia isubiri asubuhi.

Asubuhi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kasian alifungua kanga mwenyewe, akaona mafuta yametulia palepale, akaniangalia nilipokaa na kwaya. Angeweza kuyafuta. Kitambaa alikuwa nacho begani. Padre alianza Utukufu, Joachim akagonga kengele, na Kasian akainua magongo, akapiga.

Mafuta yaliruka. Yalimpiga yeye machoni, yakamfikia mtumikia altare kwenye kanzu, na matone matatu yakatua kwenye vazi jeupe la Padre, mgongoni, yakaanza kutanuka. Magongo yaliteleza. Alijaribu tena na sauti ikatoka kali, ya juu, kama ndoo mpya inayogongwa, na mafuta yakaruka tena. Vijana nyuma walicheka. Baadhi walipiga makofi, waliipenda ile sauti. Wazee hawakucheka. Bibi mmoja kwenye benchi la mbele, aliyekula nyama ya yule maksai akiwa msichana, alisimama ili aone vizuri. Kasian akaweka magongo chini, na Utukufu tukaumaliza kwa midomo mitupu.

Nilifurahi? Nilidhani nitafurahi. Nilimwona amesimama pale, uso unang'aa mafuta mbele ya watu wote waliomjua tangu utoto, nikaona kinyaa nilichokuwa nacho kwake kimenirudia mimi mwenyewe.

Wakati wa matoleo watu walipanga mstari na vitunguu, mayai, jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Kasian alitoka nyuma ya ngoma akaingia kwenye mstari. Alipofika mbele alifungua mnyororo, akabaki na funguo mkononi, akaweka kile kiduara kwenye kikapu kati ya mayai.

Joachim alikichukua akakigeuza. "Hiki nini, Kasian?"

"Maksai wa baba," Kasian alisema. Hakuinua sauti lakini kanisa lilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Waliniomba, nikawapa. Mama Kalista alikataa, nikamwibia. Ndicho kilichobaki."

Padre alisimama kidogo na mikono yake hewani. Kisha akaendelea na Misa, akifanya alichokuja kufanya.

Baada ya Misa alimwita Kasian nje, nami nikasogea. Padre ni mtu mwema na kijana bado. Alisema hakuna haja ya kujiumiza, ngoma ni chombo tu, na hii mpya inasikika mpaka barabarani. Wataifuta, na Jumapili ijayo Kasian aendelee nayo.

"Hapana, Padre," alisema Kasian.

Alilisema taratibu, kama mtu anayevaa kiatu kwa mara ya kwanza na hajui kama kitambana. Miaka ishirini na minne, na mtu wa kwanza kulipata neno hilo alikuwa padre, siku ya Pasaka, tena akiwa anatoa msaada. Nilitaka kumkemea. Padre alicheka kidogo akasema vizuri, basi tutaimba kwa makofi mpaka mtakapopata ngozi. Joachim naye akaja na kile kiduara kwenye kiganja. Hawezi kukiandika kwenye matoleo, alisema, hajui akiite nini. Akamrudishia.

Sijamsamehe. Naandika hivi ili asije akasoma akadhani. Didas amepiga simu mara mbili na Kasian hajapokea, lakini kutopokea simu si sawa na kukataa, na mimi namjua. Plastiki tumeifungua skrubu, inatumika kuanikia dagaa. Gogo liko jikoni, mdomo wazi, na sijui atachinja nini wala lini.

Lakini jioni ile ya Pasaka nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nasugua bakuli, na tone la mafuta lilikuwa bado limebaki chini. Kasian aliingia, akachuchumaa mbele yangu, akaninyooshea kile kiduara. Wino ulikuwa umeanza kufutika. Sikumwangalia. Nilikipokea, nikachovya kidole, nikakipaka.

Kilinyonya yote. Nikasimama kwenda kutafuta mafuta mengine.